Kijiko cha Mjerumani kilichotoka London

Kijana wa chuma chakavu alisimamisha baiskeli yake mbele ya kibaraza cha mama mkubwa, pale Ng'ambo, Tabora, akaita kama wanavyoita wenzake wote: "Betri mbovu, kopa, shaba, silvaaa!" Mama mkubwa akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti ninalolijua tangu utoto. Ndani yake mlikuwa na vyombo kumi na kimoja vya kulia mezani, yaani vijiko, uma, visu na koleo la sukari, vyote vyeusi kama vilivyotolewa dohani.

"Shikamoo mama. Hivi ni silva?"

"Marahaba mwanangu. Silva wapi! Hiyo ni fedha. Ya Mjerumani."

Kijana akachukua kijiko kikubwa kuliko vyote, akakipima kwa mkono kama mtu anayechagua embe. "Silva ni nyepesi, mama. Hiki kizito. Labda nikuhesabie bei ya shaba, kwa kilo."

Nilimsihi mama mkubwa asiuze siku ile. Akanikabidhi kopo kwa sharti moja: kijiko kile kikubwa kirudi, maana ndicho anachopimia samli. Yaliyofuata ni miezi kadhaa ya lenzi, mzani wa jikoni na kero kwa kila mtu mwenye kopo kama lile kuanzia Tabora hadi Ujiji. Makopo ya namna hiyo ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ilibeba pia meza za mabwana na vyombo vyao. Mjerumani akaondoka, Mbelgiji akaingia Tabora Septemba 1916, kisha akaja Mwingereza na kukaa hadi Uhuru. Kila aliyeondoka aliacha kitu jikoni.

Chetu kilitoka kwa babu mzaa mama, aliyekuwa mpishi wa Bwana DC. Mzungu alipofunga mizigo ya kurudi kwao, alimwachia babu baadhi ya vyombo. Miaka ilivyokwenda, hadithi nayo ikajigeuza, kijiko cha Mwingereza kikawa cha Mjerumani. Tabora kitu chochote cha zamani kinachokataa kuvunjika husemwa ni cha Mjerumani.

Mkanganyiko wa kwanza uko kwenye jina. Mtaani kwetu silva ni alumini: sufuria za silva, sinia za silva, silva ya kuuza kwa kilo. Fedha nayo imekuwa pesa, ina wizara yake na waziri wake. Madini yenyewe meupe, ambayo sonara anatengenezea bangili, yamebaki bila jina la peke yake. Humu nitasema fedha kwa maana ya madini tu. Kijana wa baiskeli, bila kujua, alikuwa amefanya kipimo cha kwanza na akakifanya vizuri: alumini ni nyepesi karibu mara nne kuliko fedha. Alichokosa ni kipimo cha pili.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ni kwamba watu huuliza maswali matatu kwa pumzi moja. Hiki ni fedha kweli? Kilitengenezwa wapi na lini? Na nakshi yake ni ipi? Kila swali lina ushahidi wake, na ushahidi wa moja haujibu lingine. Sijaona kosa linalorudiwa kama la kutazama maua kwenye mpini na kusema, "Hii lazima ni fedha." Ndilo kosa letu sisi wenyewe. Ndani ya kopo kulikuwa na uma mmoja wenye kome na majani yaliyoviringika pande zote mbili, mzuri kweli, na ndio mama mkubwa aliouthamini hadi kuufungia kitambaa. Kijiko cha samli hakina hata ua moja. Nani angedhani kipi ni kipi?

Maandishi madogo ya nyuma

Anza nyuma ya mpini. Usianze kwa kusugua. Chukua lenzi ya fundi saa, simama karibu na dirisha, geuza kijiko mpaka mwanga ukijie kwa ubavu. Ukiwa na simu tu, piga picha bila kuwasha taa yake, mwanga ukitoka upande mmoja. Chapa iliyolika sana huonekana vizuri zaidi ukiihemea kidogo, mvuke ukitanda, au ukipaka unga kidogo wa chaki na kuufuta juu juu.

Kinachoitwa fedha ya sterling ni mchanganyiko wenye sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na 75 zinazobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu, kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa kijiko. Waingereza hawakuacha jambo hilo kwenye uaminifu wa fundi. Tangu mwaka 1300 sheria ilitaka kazi ya fedha ipimwe na kupigwa chapa ya kichwa cha chui, na tangu 1544 akaongezwa simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Simba huyo ndiye anayesema: hii ni 925. Kichwa cha chui kikabaki kuwa alama ya ofisi ya upimaji ya London. Birmingham na Sheffield walipata ofisi zao mwaka 1773. Birmingham, mji usio na bahari hata kidogo, ukapewa nanga, na Sheffield taji. Edinburgh wana ngome yenye minara mitatu. Dublin wana kinubi chenye taji.

Kwa hiyo kijiko cha Mwingereza huwa na msururu wa chapa ndogo, kila moja ndani ya kijingao chake: simba, alama ya mji, herufi moja ya mwaka, na herufi za jina la fundi. Vile vya kati ya 1784 na 1890 vina cha tano, kichwa cha mfalme au malkia, kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Neno "sterling" lenyewe kwa kawaida halimo. Neno hilo ukilikuta limeandikwa kwa kirefu, fikiria Marekani kwanza, nchi ambayo haikuwa na ofisi za upimaji za namna hiyo na ambako kiwanda kilijitolea ushahidi chenyewe.

Sasa mitego. Kiwanda cha Elkington cha Birmingham kilipata hataza ya kuchovya fedha kwa umeme mwaka 1840, na tangu hapo tabaka jembamba la fedha likaweza kuvishwa kwa umeme juu ya madini ya bei poa. Madini yaliyopendwa zaidi kwa ndani ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki, ambao kwa Kiingereza wameuita fedha ya nikeli ingawa hauna fedha hata chembe. Ndiyo maana ya herufi EPNS, kwa Kiingereza electroplated nickel silver, yaani fedha ya nikeli iliyochovywa fedha kwa umeme. Na wenye viwanda hawakuwa wajinga: waliziandika E, P, N na S kila moja ndani ya kijingao chake, kwa mwandiko wa kizamani wenye mikunjo, hivi kwamba ukitazama kwa haraka unaona msururu wa chapa halali. Uma wa mama mkubwa una vijingao vinne vya aina hiyo, na pembeni "A1", ambayo hutamba tu kuhusu unene wa mchovyo.

Majina mengine yanayovaa neno fedha bila kuwa nayo ni "German Silver", "Nevada Silver" na "Brazil Silver". Ukiona pia Alpaka au Argentan, ni ukoo uleule wa nikeli. "Sheffield" iliyoandikwa kwa kirefu kwenye kisu ni jina la mji wa chuma cha pua, si ushahidi wa fedha. Kuna na huu mtego unaowanasa hata wazoefu: fedha ya Britannia ni safi kuliko sterling, sehemu 958, na Uingereza iliilazimisha kwa mafundi wote kati ya 1697 na 1720, lakini EPBM ni mchovyo juu ya kile kinachoitwa madini ya Britannia, na hayo ni bati. Jina moja, tofauti kama mbingu na ardhi.

Huku kwetu kusema "ya Mjerumani" si upuuzi mtupu, basi tukipe kijiko cha Mjerumani haki yake. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 1884, ikaanza kutumika 1888: fedha halali ipigwe mwezi mwandamo na taji, na namba ya usafi, isiyopungua 800. Kwa hiyo mwezi, taji na 800 maana yake ni fedha kweli, ingawa ni sehemu 800 badala ya 925. Dada mmoja wa Ujiji alinionyesha kijiko cha chai chenye alama hizo tatu, kidogo, kimechongoka kidogo upande mmoja, alichorithi kwa bibi yake. Hicho ndicho kijiko cha Mjerumani. Pamoja nacho alikuwa na kingine, kipana na chenye kung'aa zaidi, kimeandikwa 90 tu. Yeye aliamini 90 ni asilimia. Hapana. Kwenye vyombo vya Kijerumani vya kuchovya, 90 ni gramu za fedha zilizotumika kuvichovya vijiko vikubwa kumi na viwili na uma zake kumi na mbili, zikagawanywa kwa vyote. Kile kidogo ndicho kilichokuwa na thamani, nacho ndicho mtoto alichezea mchanga.

Kwa Wafaransa tafuta kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi wa kale, kilichotumika tangu 1838. Kila mmoja na lugha yake.

Glasi ya maji

Chapa hulika, na chapa hughushiwa. Hapo ndipo watu hukimbilia sumaku. Sumaku inafaa kwa jambo moja tu: ikinasa, si fedha. Isiponasa, hujajua kitu, maana shaba, bati na kwa kawaida hata ile nikeli yenye jina la fedha hazinasi. Wengine huenda kwa sonara aweke tindikali. Sonara mmoja niliyempelekea kijiko, hata sijamaliza kumsalimu, alishatoa tupa na kukwangua ukingo wa bakuli. Mkwaruzo huo upo hadi leo. Tindikali inajibu, ila inaacha kovu, na kovu juu ya nakshi ya kale halifutiki.

Mimi napendelea maji. Unahitaji mzani mdogo wa jikoni unaosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, glasi, na uzi. Pima kijiko kikavu kwanza; chetu kilikuwa gramu 64.2. Kisha weka glasi yenye maji juu ya mzani, urudishe mzani kwenye sifuri. Funga kijiko kwa uzi, kizamishe chote, kining'inie ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Mzani utapanda. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na kijiko, na gramu moja ya maji ni sawa na mililita moja. Chetu kilionyesha 6.2. Gawanya 64.2 kwa 6.2, unapata kama 10.35. Sterling inatakiwa iwe karibu na 10.36.

Uma wa maua ulikuwa gramu 61.1, na majini ukaonyesha 7.0. Jibu ni 8.7, ambayo ni nikeli na shaba. Mama mkubwa aliyeketi pembeni akitwanga karanga alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ule uma ulikuwa unaturingia bure."

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kosa la sehemu moja ya kumi ya gramu ni dogo kwenye kijiko kikubwa, ila kwenye kijiko cha chumvi linaharibu hesabu yote. Hakiwezi kutenganisha 925 na 800 kwa uhakika, kwa kuwa ya pili nayo inafika kama 10.1. Povu la hewa likishika kwenye nakshi linadanganya, kwa hiyo tikisa uzi kwanza. Na usijaribu na visu. Mpini wa kisu cha fedha kwa kawaida ni ganda tupu lililojazwa utomvu au lami, na bamba lake ni chuma. Ukipima kisu kizima unapima supu. Kisu kina ushahidi wake mwingine, nao ni mzuri: chuma kisichoshika kutu kilianza Sheffield mwaka 1913 kwa Harry Brearley, basi bamba lisilo na kutu kwenye mpini wa kale linasema kisu ni cha baada ya hapo, au kimebadilishwa bamba.

Kuna pia macho ya kawaida. Kwenye mchovyo, tazama mgongo wa bakuli ya kijiko panapokaa mezani, na ncha za meno ya uma. Tabaka likiisha, rangi ya ndani inachungulia, ya manjano au ya kijivu mfu. Fedha halisi ikilika inabaki fedha. Bakuli ya kijiko cha samli imelika ncha ya kushoto hadi imepinda, kwa sababu vizazi vitatu vya watu wa mkono wa kulia wamekwangua nayo sufuria, na pale palipolika pana weupe uleule.

Tusisahau na fedha yetu ya hapahapa, isiyo na simba wala chui. Rupia ya Mjerumani ilikuwa na sehemu karibu 917 za fedha na uzito wa gramu 11.66, ambao ndio tola moja ya masonara wa Kihindi. Dola ya Maria Theresa, ile yenye mama mwenye kifua na mwaka 1780 usiobadilika, ina 833. Masonara waliziyeyusha sarafu hizi kuwa bangili na mikufu. Kitu kikikosa chapa lakini maji yakasema 10.2 au zaidi, usikitupe kwa sababu London hawakukigonga. Tabora yenyewe iliwahi kuwa na mashine ya kugonga sarafu: mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walitengeneza rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo kwenye karakana ya reli pale Lulanguru. Ukiokota moja ya hizo, achana na vijiko.

Herufi moja, mwaka mmoja

Tukishajua ni fedha, tunauliza lini. Hapa Waingereza wanastahili pongezi. Kila ofisi ya upimaji iligonga herufi moja kwa mwaka, na mzunguko ulipokwisha ikabadilisha mwandiko au umbo la kijingao na kuanza upya. London walitumia herufi ishirini, kutoka A hadi U, wakaruka J. Herufi ilibadilika mwezi Mei, hivyo moja inagusa miaka miwili ya kalenda. Shida ni kwamba kila mji ulikuwa na mzunguko wake: herufi ileile inaweza kuwa mwaka mmoja London na mwingine kabisa Birmingham. Ndiyo sababu mji unatangulia na herufi inafuata, kamwe si kinyume chake.

Kijiko cha samli kina simba. Kina kichwa cha chui kisicho na taji, kwa hiyo ni London, na ni baada ya 1821, mwaka chui alipovuliwa taji. Hakina kichwa cha malkia, kwa hiyo ni baada ya 1890. Herufi ni q ndogo ya mwandiko wa kawaida. Mzunguko wa London wa herufi ndogo za namna hiyo ulianza na a mwaka 1896. Hesabu, ruka j, unaangukia 1911 kwenda 1912. Chapa ya fundi imelika, imebaki nusu ya herufi moja.

Kwa hiyo wakati mafundi wa Mjerumani wanaleta mataruma ya reli Tabora, kijiko hiki kilikuwa kipya London, na mwenyewe pengine hajawahi kulisikia jina Unyamwezi. Umri wa kitu na siku kilipofika kwetu ni mambo mawili. Hadithi ya familia inajua la pili tu, na hata hilo ililipindisha.

Mahali chapa zilipo nako kunasema. Kabla ya miaka ya 1780 mafundi wa London waligonga chini ya mpini, karibu na bakuli. Baada ya hapo zikahamia juu, karibu na ncha. Na ukipewa seti ya vijiko sita ambavyo chapa zimekaa sawasawa mahali palepale, na mkwaruzo uleule kwenye kila kimoja, kimbia. Chapa hugongwa kwa mkono, moja moja, haziwezi kulingana hivyo. Hao sita wamemwagwa kwenye kalibu iliyotokana na kijiko kimoja.

Nakshi mwishoni, si mwanzoni

Sasa ndiyo tuje kwenye nakshi, sehemu tamu na yenye udanganyifu kuliko zote. Nakshi za Waingereza zilikuwa kama mishono ya kanga: hazikuwa mali ya fundi mmoja. Kila karakana ilitengeneza zilezile, na jina la nakshi haliandikwi popote kwenye kijiko. Unaisoma kwa umbo.

Kishike kijiko uso wako ukitazama bakuli. Ncha ya mpini ikipinda kuja kwako, na katikati kuna mgongo mwembamba, ni nakshi ya Hanoverian, iliyotawala nusu ya kwanza ya karne ya 18. Ncha ikipinda kwenda nyuma, na mpini ni mtambarare unaopanuka taratibu bila mabega, ni Old English, iliyoshika kuanzia miaka ya 1760. Hicho ndicho kijiko chetu cha samli. Fiddle, maarufu katika karne ya 19, ina mabega: mpini unakuwa mwembamba, ghafla unapanuka kama fidla. Nilitazama mara tatu nisione fidla yoyote. Niliona mwiko wa ugali uliogeuzwa juu chini. King's, ya mapema karne hiyohiyo, imejaa kome na majani, ndiyo ya uma wetu wenye kuringa. Geuza kijiko pia nyuma, pale mpini unapoungana na bakuli. Ukikuta mstari ulioinuka na kuchongoka kuelekea katikati ya bakuli, unaitwa mkia wa panya, na hapo mwanzoni ulikuwa wa kuimarisha maungio kabla haujawa pambo.

Jambo ambalo wanaoanza hulikosa ni hili: nakshi inakwambia kitu hakiwezi kuwa cha kabla ya lini, lakini haikwambii hakiwezi kuwa cha baada ya lini. Old English ya 1911 ni halali kabisa, na King's inatengenezwa hata sasa, kwa fedha, kwa mchovyo, kwa chuma cha duka la jumla. Nakshi haina madini.

Marekani mambo yamepinduka. Huko nakshi ni mali ya kampuni, ina jina na tarehe, na mara nyingine tarehe ya hataza iko nyuma ya mpini. Chantilly ni ya Gorham, 1895; Francis I ni ya Reed & Barton, 1907; Grande Baroque ni ya Wallace, 1941. Gorham walikuwa na tabia ya kugonga simba, nanga na G, na mtu asiyejua akaapa ni Birmingham. Kwa Mwingereza unauliza fundi nani na mwaka gani; kwa Mmarekani unauliza kampuni gani na nakshi ipi, kisha unatafuta vya kukamilisha seti. Na seti zao zilikuwa balaa: mwisho wa karne ya 19 kila chakula kilikuwa na uma wake, wa samaki, wa chaza, wa aiskrimu, hadi mwaka 1925 Herbert Hoover, wakati huo waziri wa biashara, alipounga mkono pendekezo kwamba nakshi mpya isizidi vipande 55. Vipande hamsini na tano! Nyumbani kwetu tulikuwa na kijiko cha chai, kijiko cha chakula na upawa, na tulishiba.

Katika vyombo hivyo vya ajabu kuna kimoja ninachokitamani kwelikweli, mkombe wa uboho. Ni mwembamba kama kidole, una mfereji mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kazi yake kutoa uboho ndani ya mfupa. Waliokitengeneza London katika karne ya 18 na wanaogonga mifupa kwenye sahani za makongoro pale stendi wangeelewana bila mkalimani.

Ili kulinganisha nakshi na picha, usitegemee kumbukumbu. Weka karatasi nyembamba juu ya mpini, sugua kwa penseli iliyolazwa, kama watoto wanavyofanya na sarafu. Utapata hata mishipa ya jani. Andika pembeni urefu kwa milimita, idadi ya meno ya uma, na kama nakshi iko upande mmoja au pande zote mbili. Angalia pia herufi za mwenyewe: uma ukiwa umechorwa herufi mgongoni badala ya usoni, mara nyingi ulilazwa mezani meno yakitazama chini, kama walivyofanya Wafaransa. Na uwe macho na kijiko cha kale chenye matunda yaliyofinyangwa ndani ya bakuli. Mafundi wa karne ya 19 walichukua vijiko vitupu vya mababu zao wakavitia zabibu na peasi ili viuzike. Chapa ni za kweli, matunda ni ya baadaye.

Kuhusu usafi nitasema machache. Weusi ule si uchafu, ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani, ya mayai, hata ya mpira; kwa hiyo usifunge vijiko kwa rababendi. Jivu, mchanga na waya wa sufuria ni wauaji, vinakula simba na herufi kabla havijamaliza weusi. Tandika karatasi ya alumini kwenye beseni la plastiki, nyunyiza bekingi soda, mimina maji ya moto, laza kijiko kikigusa ile karatasi. Weusi unahamia kwenye alumini. Visu vyenye mpini uliojazwa usivitie humo, maji ya moto yanalainisha utomvu na bamba linachomoka. Chumvi isilale kwenye fedha usiku kucha.

Kwa hesabu ya mzani tu, kijiko cha gramu 64.2 kina kama gramu 59 za fedha tupu. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa inayopaswa kuanza mazungumzo, na bei ya shaba kwa kilo haiko karibu nayo hata kidogo.

Kopo nilirudisha likiwa na vikaratasi. Kati ya vile kumi na kimoja, fedha ni vitatu: kijiko cha samli, kijiko cha haradali chenye nanga ya Birmingham, na koleo dogo la sukari lililovunjika mguu. Mama mkubwa alikisoma kile kikaratasi cha kijiko chake, "London, 1911", akakitoa, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakitumbukiza kwenye chupa ya samli.

"Haya," akasema, "sasa niambie, kule Uyui ndugu yako ana uma tatu. Naye anasema ni za Mjerumani."